Maji katika Bidoni ya Shemasi

Shemasi Sebagenzi alianza kufoka kabla hata ya kushusha jenereta kwenye pikipiki. Alikuwa ameteremka kutoka Rurambo tangu alfajiri, na kidole chake kilimwendea Sabine moja kwa moja.

"Huyu mama ameniuzia maji!"

Sabine aliuza esansi, yaani petroli, kwa chupa hapo Kasenga, kando ya karakana ya Gloriose. Madereva saba wa pikipiki waliokuwa wakingoja abiria waligeuza shingo. Gloriose aliwaona. Wakiamini, leo hii Sabine amekwisha. Muuza esansi akishaitwa mchanganyaji, jina hilo halimtoki.

"Papa Shemasi, leta mashini kwanza."

"Ibada ya Jumapili yote minye nimehubiri kwa koo tupu, bila kipaza sauti! Inawaka, inakohoa, inakufa."

Gloriose alifungua buji, plagi ya kutoa cheche, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akavuta kamba. Cheche ya buluu. Umeme upo, basi. Lakini buji ilikuwa imelowa. Akalegeza skrubu ya chini ya kabireta, akakinga kwa kifuniko cha chupa. Ndani ya esansi, vitone vizito vilibingirika kama shanga.

"Ni maji," alisema.

Sabine alishika kichwa. "Glo! Hata weye?"

"Nimesema maji. Sijasema ya nani."

Alimimina esansi ya Sabine katika glasi: rangi moja, juu hadi chini.

"Papa, esansi ulibeba ndani ya nini?"

Shemasi alifungua bidoni, dumu la manjano lililofungwa nyuma ya pikipiki. Gloriose alimimina masalio yake katika glasi ya pili, akasubiri. Esansi ilipanda. Chini yake palibaki maji, kina cha kidole, yenye weupe kama ukungu.

"Hii bidoni ni ya maziwa."

"Ya maziwa, ndiyo! Na mke wangu Uwacu aliiosha kwa maji ya moto mara tatu. Kwangu bidoni ya maziwa haitiwi kitu bila kuoshwa."

"Alipomaliza kuosha?"

"Akaifunga palepale, vumbi lisiingie."

Dereva Rénovat alijipiga paja. "Shemasi, weye umekamua jenereta!"

"Maji yenye maziwa," Gloriose alisema, kwa sauti ya kuwafikia wote saba, "na Sabine hana hata mbuzi."

Alimwaga tangi lote, akakausha kikombe cha kabireta kwa kitambaa, akatia esansi ya Sabine. Kamba ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Ya tatu injini ikanguruma, na Gloriose akaiacha ingurume makusudi, mpaka Rénovat akaja kununua chupa mbili.

Shemasi hakucheka.

"Umemwita mke wangu mchafu mbele ya watu. Omba msamaha, binti."

"Sikusema mchafu. Mama Uwacu ameosha kuliko sisi wote, hakukausha tu. Weye ndiye umemwita Sabine mwizi, mbele ya watu hawahawa."

"Minye nina umri wa baba yako. Omba msamaha."

Gloriose alizima injini ili asikike vizuri.

"Hapana, Papa. Siombi."