Bega Lililomsogeza Mfalme

Mfalme aliyemhukumu Pashedu alikuwa amekufa tangu zamani za mababu, na hilo halikumshangaza mtu yeyote kijijini kwetu. Sisi tunaochonga makaburi ya Mafarao, upande wa magharibi wa mto, tuna mfalme wetu wa kale aliyekianzisha kijiji, na sanamu yake huamua mashauri yetu kwa haki kuliko mahakimu wa mjini, kwa kuwa haili rushwa wala hailewi. Siku ya sikukuu hubebwa kwa machela mabegani mwa wanaume walionyoa nywele zote na kuoga kwa magadi. Mwenye shauri husimama mbele yake na kuuliza. Mfalme akikubali, machela husonga mbele; akikataa, hurudi nyuma. Hakuna rufaa.

Tindo moja ya shaba, ya kuchongea mawe, ilikuwa imepotea katika kaburi linalochongwa kwa ajili ya Farao aliye hai. Shaba yote ya kazini ni mali ya Farao, ina alama yake, na anayeiiba hukatwa pua. Nebsumenu, msimamizi wa wachongaji wa upande wa kulia, alimtaja Pashedu. Pashedu aliapa kwa uhai wa Farao kwamba hakuigusa. Mfalme akaulizwa kama Pashedu ndiye mwizi, na machela ikasonga mbele, ikasonga tena, hata ikakaribia kumgusa kifua. Aliyebeba mbele, kwenye mpini wa kulia, alikuwa Nebsumenu mwenyewe.

Walimkata pua, wakampeleka kwenye machimbo ya dhahabu ya kusini. Huko alikufa, akafukiwa mchangani bila sanda, bila jeneza, bila jina juu ya jiwe. Kwetu sisi, kifo cha namna hiyo kina kifo kingine nyuma yake. Maadamu jina la mtu linatamkwa, mtu huyo anakula na kunywa huko aliko. Jina likinyamaziwa, amekwisha kabisa.

Aliacha mjane, Hunero, na kaburi alilojichongea mwenyewe mlimani siku za mapumziko, lenye dari ya mizabibu iliyochorwa hata ungetamani kuichuma. Mali ya mwizi hupewa aliyemfichua. Nebsumenu alilichukua kaburi lile, akaajiri mafundi wa kukwangua jina la Pashedu kutani na kuandika lake. Kisha akamwajiri Hunero awachotee maji mafundi hao, apate kuonekana mtu mwenye huruma. Hunero alikubali.

Jirani yake Wabet hakuweza kuvumilia. Alimsimamisha njiani, mtungi ungali kichwani.

"Shoga, huna haya wewe? Unamchotea maji mtu anayemfuta mumeo?"

"Lipu haikorogwi kavu, Wabet."

"Mimi ningemtilia mkojo humo!"

"Nani kakwambia sijatia?"

Wabet alicheka hata akaketi chini. Hunero hakucheka. Alikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata Wabet.

Kwetu, vikapu vya ngozi vya kubebea vifusi vikichakaa huletwa nyumbani ili wanawake wavishone. Mwezi uliotangulia, Hunero alikuwa amefumua kitako cha kikapu kimoja kilicholetwa kutoka kazini, na katikati ya tabaka mbili za ngozi akaikuta tindo, yenye alama ya Farao, imejificha kama samaki katika tope. Hakuna aliyeiiba. Ilikuwa imeteleza tu kupitia mshono uliofumuka.

Kwanza alilia kwa aibu, maana katika miezi ile alikuwa ameanza kumshuku mumewe. Kisha aliacha kulia. Angeipeleka wapi? Mfalme alikwisha kusema. Watu wangesema kwamba mke wa mwizi amechoka kuficha. Lakini yeye alijua kwamba mfalme hasemi uongo. Basi aliyesonga siku ile hakuwa mfalme. Lilikuwa bega la mtu.

Aliifunga tindo ile kiunoni, chini ya nguo, akachukua mtungi wake wa maji na kwenda kaburini kama siku nyingine zote. Mafundi walipotoka kwenda kula vitunguu vyao kivulini, aliifukia penye pembe ya chumba cha ndani. Jioni ile sakafu ilipigwa lipu.

Sikukuu ilipofika, kila ukoo ulipanda mlimani kukaa na wafu wake. Bata bukini walichomwa, bia ilimiminwa, watoto walikimbizana juu ya vizingiti vya makaburi. Ngoma zilipokaribia, watu walisimama. Mfalme wetu alikuja juu ya machela, uso wake mweusi kwa mafuta, na mbele, kwenye mpini wa kulia, alikuwapo Nebsumenu, kipara kikimeremeta. Machela ilisimama mbele ya kaburi lake jipya, kama alivyokuwa ameagiza mwenyewe. Hunero alitoka katikati ya watu.

"Ee, shemeji!" Nebsumenu alisema. "Leo umejipaka wanja. Unatafuta mume?"

Wachukuzi wenzake walicheka.

"Nataka kukuondolea maneno ya watu, shemeji," Hunero alijibu. "Wanasema kaburi hili bado lina vitu vya marehemu. Mimi nimechoka nayo. Niruhusu niulize, mfalme ayamalize."

"Uliza, mama, uliza! Ila fanya haraka, huyu mzee si mwepesi."

Hunero alimwinamia mfalme hata paji la uso likagusa mchanga. Kisha alisimama na kupaza sauti ili wa mwisho kabisa asikie.

"Bwana wangu mwema, je, kila kilichomo katika kaburi hili, kutoka dari hadi chini ya sakafu, ni mali ya Nebsumenu, na hakuna mkono wa mtu mwingine uliotia kitu humo?"

Nebsumenu alitabasamu. Machela ilisonga mbele, kwa madaha, hatua baada ya hatua. Watu walishangilia. Harshiri, mwandishi wa Farao katika kijiji chetu, aliinua mkono kuonyesha kwamba hukumu imepokewa.

"Bwana mwandishi," Hunero alisema, "sasa waamuru wachimbe pembe ya chumba cha ndani, waone mali ya shemeji yangu."

Vijana wawili waliingia. Lipu ilisikika ikivunjwa. Walipotoka, mmoja wao alikuwa ameibeba tindo kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba nyoka. Harshiri aliipangusa, akaitazama alama, akakunja uso.

"Ndiyo hii iliyopotea. Nebsumenu, hii imefikaje humu?"

"Kaiweka huyu mwanamke! Si alikuwa akileta maji humu kila siku?"

"Mfalme kasema hakuna mkono mwingine," Hunero alisema. "Kasema sasa hivi. Hukumsikia, na ulikuwa chini yake?"

"Mfalme kakosea!"

Bibi mmoja alijiziba masikio. Hunero alisogea karibu na mpini, akasema kwa sauti ya upole, kama anayembembeleza mtoto ale.

"Mfalme hakosei, shemeji. Kama ni yeye aliyesonga, shaba ni yako, na pua yako ni ya kisu. Kama si yeye, tuambie ni nani aliyemsogeza."

"Mimi niko nyuma huku," mchukuzi mmoja alisema upesi. "Mimi navutwa tu."

"Hata mimi," mwingine alidakia. "Siku ya Pashedu nusura nianguke kwa kuvutwa!"

"Na mkanyamaza?" Wabet alifoka. "Mbwa nyie, mmenyoa hata nyusi lakini roho zina ukoko!"

Nebsumenu alikuwa angali na mpini begani. Angeweza kukubali wizi tu na kuishi bila pua. Lakini mtu aliyembeba mfalme miaka yote hiyo anajua kwamba akifa atakutana naye, uso kwa uso, na kwamba moyo wake utawekwa kwenye mizani. Kumdanganya tena, palepale chini ya macho yake, hakuweza. Aliutoa mpini begani. Wenzake waliushika mpini asije akamwangusha mfalme.

"Ni bega langu," alisema. "Leo, na siku ile pia. Nililitaka kaburi."

Harshiri aliamuru afungwe na kuvushwa mto, akahukumiwe na waziri wa Farao. Kaburi lingerudi kwa Pashedu, na jina la Nebsumenu lingekwanguliwa popote lilipoandikwa. Aliposikia hilo la mwisho, Nebsumenu alijitupa miguuni pa Hunero.

"Pua wachukue. Niue ukitaka. Lakini niachie jina, shemeji, mahali pamoja tu. Hata kwenye kigae. Mimi sina mtoto wa kunitamka."

Hunero aliinama karibu na uso wake.

"Mtamke mume wangu," alisema.

"Pashedu."

"Kwa sauti."

"Pashedu!"

"Tena."

Aliteremshwa mlimani akilitamka. Alivukishwa mashamba ya ngano akilitamka, na wavunaji waliinua vichwa kumsikiliza, na kila aliposita apumue, Hunero, aliyekuwa akitembea nyuma yake, alisema, "Tena." Kinywa kilichomuua kilimlisha Pashedu njia nzima. Walipofika mtoni, sauti ya Nebsumenu ilikuwa imekauka kama ganda la kitunguu. Walimpakia chomboni na kusukuma.

Chombo kilipokuwa kimekwisha kushika maji mengi, alisimama, mikono imefungwa nyuma.

"Hunero! Jina langu! Utaliandika?"

Hunero aliweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, akanyoosha shingo kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni.

"Wewe nani, bwana?" aliuliza.

Nebsumenu alilitaja jina lake. Alilitaja tena, kwa nguvu zote zilizobaki. Ukingo mzima ulikuwa umejaa watu waliomjua tangu utotoni, waliokunywa bia yake na kucheza harusini kwake. Walimtazama wakiwa wamefumba midomo, hata makasia yakamchukua.