Dawati la Mastura

Mwaka 1955 Mwalimu Athumani Chilumba alikuwa na watoto arobaini na wanne darasa la kwanza, wasichana sita tu kati yao, katika shule ya kijiji iliyokuwa kando ya njia ya kwenda Nanyamba. Wiki ya pili ya masomo, Zuhura binti Omari, mkulima wa mihogo na korosho, alimletea msichana wa saba. Mtoto huyo aliitwa Mastura. Alikuwa na miaka tisa, na mwalimu alipomsalimu aliirudia salamu yake huku akiutazama ukuta.

Zuhura hakuficha kitu. Alieleza kwamba binti yake hazungumzi na watu, ila huyarudia maneno aliyoyasikia. Kwamba akishikwa ghafla hupiga mayowe. Kwamba waganga wawili walishindwa, na shehe wa chuo cha Kurani alimrudisha baada ya siku tatu. Baba yake alikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Lindi, akaoa hukohuko.

"Sikuombi umfanye msomi, Mwalimu," alisema. "Nataka akae na wenzake. Nyumbani anakaa na kuku."

Athumani alitaka kukataa. Huko alikosomea ualimu hakuambiwa neno lolote juu ya mtoto wa namna hii. Lakini Mastura alikuwa ameshaketi kwenye dawati la mwisho, karibu na ukuta, pembeni ya Hamisa, binti wa seremala. Athumani akaliandika jina lake daftarini.

Asubuhi hiyohiyo kengele ikagongwa mara tatu, kama kawaida. Ilikuwa kipande cha reli walichokiacha wajenzi wa njia ya gari moshi, kimening'inizwa kwenye mkorosho, na mlio wake ulifika hadi visimani. Mastura aliruka dawati, akamkanyaga mwenzake mkono, akatoka mbio mpaka kwenye shamba la mihogo. Darasa zima likamfuata likicheka. Mpaka anapatikana ilikuwa saa sita, amejikunyata na kuziba masikio, magoti yamechunika.

Athumani alimwambia Zuhura amchukue. Zuhura alimchukua, na kesho yake akamrudisha. Hakubishana na mtu. Alikaa nje barazani na jembe lake, na kila kengele ilipogongwa aliingia akasimama karibu na mwanawe. Siku ya nne hakuja, maana magugu yalikuwa yanamshinda shambani. Ndipo Athumani alipoamuru kengele isigongwe tena. Mwanafunzi mmoja apite madarasani kusema kwamba wakati umefika. Mwalimu mwenzake, Rashidi, alinung'unika, lakini akakubali.

Mastura akatulia. Kusoma hakusoma, wala swali hakujibu. Siku moja, Athumani akifungua daftari la mahudhurio, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyuma ya darasa. Mastura alikuwa anaita majina kwa mpangilio uleule, bila kukosea hata moja, pamoja na kile kikohozi alichozoea mwalimu katikati ya orodha. Watoto wakaangua kicheko, naye Athumani akacheka. Kisha kicheko kikamkauka. Mtoto alikuwa ametaja majina arobaini na manne na kuishia hapo. Lake mwenyewe hakulitaja, kwa sababu hajawahi kulisikia likiitwa. Athumani alikuwa akiliruka kila asubuhi, akijiambia kwamba hata akiitwa hataitika.

Tangu siku hiyo akawa analiita. Aliyeitika "yupo" alikuwa Hamisa.

Mwezi haujaisha, Mzee Saidi, jumbe wa kijiji, akaja shuleni. Alisema wazazi wanalalamika kwamba watoto wao wanachelewa kwa sababu kengele imenyamazishwa kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye wazimu. Mkaguzi kutoka Mtwara atafika Jumanne. Kengele lazima igongwe, na mtoto huyo asiwepo. Athumani hakuwa na ubavu wa kubishana naye. Jioni alikwenda kwa Zuhura kumwomba ambakize Mastura nyumbani siku hiyo moja. Zuhura alimenya muhogo mpaka mwalimu alipomaliza kusema.

"Nimekusikia, Mwalimu," akajibu.

Jumanne Mastura alikuwa kwenye dawati lake.

Mkaguzi alikuwa amesimama katikati ya darasa saa ya mapumziko ilipofika. Athumani alisogea mlangoni ili amzuie mtoto. Kabla reli haijagongwa alimwona Hamisa akiinamia upande wa Mastura, bila kumgusa, akimnong'oneza kitu. Mastura akaziba masikio, akafumba macho, akawa anayumbayumba. Reli ikalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akashusha mikono. Mkaguzi hakuona lolote. Alikuwa anatazama paa linalovuja.

Alipoondoka, Athumani alimwita Hamisa na kumuuliza alimwambia nini mwenzake.

"Nimemwambia italia mara tatu, halafu basi."

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Hakuna, Mwalimu. Hata mimi nikishtuliwa nalia."

Athumani alikaa na maneno hayo siku nzima. Aliinyamazisha shule karibu mwezi mzima, na hakuwahi kumuuliza mtoto aliyekaa dawati moja na Mastura.

Mastura alifika darasa la nne pamoja na wenzake. Alijifunza kusoma, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na barua kutoka Lindi yeye ndiye aliyemsomea mama yake. Kwenye mtihani hakutamka neno mbele ya msimamizi, na hakuchaguliwa kuendelea na shule ya kati. Hamisa naye hakuchaguliwa. Jumbe hakuacha kusema kwamba nafasi ya Mastura darasani ilistahili kupewa mtoto mwingine.

Mwaka 1959 Athumani alihamishiwa Nanyamba. Wiki ya kwanza, akiwa anaandika ubaoni, alimwona mwanamume nje ya dirisha, amembeba mgongoni mtoto mwenye mguu uliopinda. Alisimama uwanjani kitambo, akageuka kuondoka. Athumani aliweka chaki chini, akamfuata mpaka njiani, na kabla ya kusema lolote na baba akamuuliza mtoto jina lake.