Maziwa ya Saa Nne

Saa nne kamili Gladness aligonga sufuria kwa kijiko, na mashine za kusugulia chuma zikanyamaza moja moja. Vijana wa karakana ya Himo wakaja, nyusi zimekolea vumbi, kupokea maziwa ya moto. Kwa miaka mitatu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuchemsha, kumimina, kuhimiza. "Kunyweni, yanaosha kifua." Mwenyewe aliamini. Kaka yake Denis, fundi wa hapo hapo, alikuwa akimiminiwa vikombe viwili.

Sasa Denis yuko kitandani nyumbani kwao Masama, anapumua kama aliyepandisha mlima na mkungu wa ndizi begani. Juzi daktari mmoja mjini Moshi aliwaonyesha picha ya mapafu yake.

"Maziwa yanakwenda tumboni, dada. Vumbi linakwenda huku, mapafuni. Chuma kikizidi ndani ya seli, utando wake unaharibika kama bati lililoshika kutu, seli inakufa. Wataalamu bado wanachunguza. Ila barakoa ya chujio haingoji uchunguzi."

Leo Gladness aliziomba hizo barakoa.

"Barakoa?" Mzee Valerian, mwenye karakana, alicheka mpaka akakohoa. "Kinachomuumiza kaka yako ni pombe, hiyo mbege, mwanangu! Jumatatu arudi, nina geti la kanisa. Wewe ongeza maziwa."

Denis hajaonja mbege tangu siku ya kipaimara.  Gladness alichukua glasi ya mzee, akaijaza, akaiweka wazi kwenye meza ya kazi, kando ya geti. Mashine zikawaka tena. Cheche zikaruka. Yeye akafagia, taratibu, jicho kwenye glasi.

Saa tano akaichukua. Juu ya utando wa maziwa kulikuwa kumetanda weusi. Akaokota sumaku ya kukusanyia chenga za chuma, akaigusisha ubavuni mwa glasi, akaanza kuizungusha.

Weusi ukaifuata. Ukajikunja, ukatambaa juu ya maziwa kama siafu.

"Jamani, njooni muone!" aliita Wilson, fundi mkubwa, akizima mashine yake. Wa pili akazima. Wa tatu.

"Shikamoo, baba," Gladness alisema, akimpa mzee glasi kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Marahaba. Nini hiki?"

"Maziwa yako. Kunywa. Yanaosha kifua."

Mzee Valerian aliishika glasi. Hakuna mashine iliyolia. Aliiinua hadi kidevuni, ikasimama hapo, na pumzi yake ikawa inayumbisha ule weusi, huku na huku.