Bisibisi Nyuma ya Sikio

Mjukuu wangu, umewahi kuisikia injini ya lori asubuhi ya baridi, kabla haijapata moto? Ile ya babu yako ilikuwa ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, vali nane, vile vilango vya hewa na moshi, mbili kila silinda. Mbio haikuwa nazo. Vigari vidogo vilitupita vikitupigia honi za dharau. Lakini ukiipakia mawe ukaielekeza mlimani, ilivuta taratibu mpaka juu, bila kuhema. Na ikiwa baridi ilisema tik, tik, tik. Miaka ishirini na sita niliisikia nikifua nguo uani.

Mlio huo ulikuwa na sababu yake. Kati ya vali na roka, yaani kile kijikono kinachoigonga ifunguke, lazima uache nafasi, nyembamba kuliko ukucha. Chuma kikipata moto hutanuka. Ukikinyima nafasi, vali haifungi sawasawa, moto unapenya pembeni na kuila kidogo kidogo. Babu yako alinifundisha hayo siku za uchumba wetu, badala ya kunisifia macho.

Mafundi wenzake walipima nafasi hiyo kwa fila, kibati chembamba. Yeye aliwacheka. "Fila ni ya watu wasio na masikio!" Alifungua kifuniko cha juu, akaacha injini ingurume polepole huku mafuta yakimrukia, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu karibu na roka, na mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio. Kisha akafumba macho. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Daktari.

Basi masikio ya Daktari yakaanza kuziba, na hakumwambia mtu. Mimi niliona. Alicheka baada ya wenzake kucheka. Siku moja sufuria ilichemka ikamwagikia jiko lote, naye ameketi hatua mbili tu, ameipa mgongo. Nikajua, nikajifanya sijui. Nilingoja aseme mwenyewe. Utamwendeaje mwanamume anayeitwa Daktari umwambie amekuwa kiziwi?

Lori wakati huo aliliendesha baba yako mdogo. Asubuhi moja akaingia uani amenuna.

"Mzee, injini inagonga kama cherehani. Jamaa machimboni wananiuliza leo nimeshona suruali ngapi."

Babu yako alimtazama midomo, akachukua spana na bisibisi yake.

Nilikuwa naanika shuka. Nikamwona ameweka mpini nyuma ya sikio, lakini macho hakuyafumba. Alikaza skrubu ya roka, ile inayopunguza nafasi, akamtazama mwanawe usoni. Akakaza tena, akamtazama. Alikuwa anausoma ule uso. Na uso ulivyozidi kukunjuka, ndivyo alivyozidi kukaza. Alipofika silinda ya tatu, mwanawe alitabasamu, na tik ya mwisho ikazimika.

"Hapo sasa! Daktari ni Daktari!"

Injini bado ya baridi, na haisemi tik hata moja: nafasi ya vali ameimaliza. Nikafungua kinywa. Nikakifunga, nikaendelea kuanika.

Siku ya nne baba yako mdogo akasema mezani kwamba mlimani lori limekuwa zito. Babu yako akaitikia kwa kichwa, akaomba chumvi. Nikampa chumvi.

Siku ya tisa, saa sita mchana, kijana wangu alirudi kwa miguu, mafuta mpaka viwikoni. Lori lilikuwa limekufa mlimani na mzigo wake. Likavutwa mpaka nyumbani, injini ikafunguliwa. Vali ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikuwa imeungua ikakatika. Kichwa chake kilidondoka ndani, pistoni ikakigongagonga mpaka ikatoboka, na ukuta wa silinda ukapasuka kutoka juu hadi chini. Fundi wa kuchonga vyuma aliupitisha ukucha kwenye ufa ule, akaufuata wote, akafuta mkono kwenye suruali.

"Poleni," akasema, kama yuko msibani.

"Baba," mwanangu akauliza, "siku ile ulikuwa unasikiliza nini?"

Babu yako akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama alivyozoea.

Kijana alinigeukia. "Mama. Hasikii?"

"Hasikii."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Nawe ulijua. Ukaniacha nipande nalo mlima, na mawe nyuma."

Wiki ile ile alifunga nguo zake, akaenda mbali kuendesha magari ya watu. Hajarudi mpaka leo, na akitaka habari zetu humpigia simu jirani.

Injini ilibaki uani imefunikwa turubai. Kila asubuhi babu yako aliifunua, akagusisha bisibisi kwenye chuma kile kilichopasuka, mpini nyuma ya sikio, macho kafumba. Sikumzuia. Niliketi naye kwenye ndoo iliyopinduliwa. Miezi ikapita hivyo.

Asubuhi moja aliishusha bisibisi, akailaza mapajani mwangu.

"Nilitaka kukuomba uje unisikilizie," akasema, kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wasioisikia sauti yao. "Kila nilipofungua kile kifuniko, mke wangu, nilitaka kukuita."