Kiti cha Juu ya Ngazi

"Ngazi ni yangu, kiti ni chenu! Lete nyundo ukang'oe, uende nacho!"

"Nikang'oe kiti alichopigilia marehemu mume wangu? Alcide, jua limekupanda kichwani?"

Mzee Alcide upande huu wa uzio, Bi Earline upande ule, na nusu ya mtaa barazani ikijifanya inajipepea. Mimi nilikuwa mbele kabisa, sitaki kusimuliwa. Walikuwa wakigombea ngazi ile ya kumpandishia mtoto atazame gwaride tangu kanivali ipite, lakini Jumatatu hiyo ngazi ilikuwa kisingizio. Monique, binti wa Bi Earline, alikuwa amerudia vidonge vyake vya kulevya, na alikuwa amemchukua mwanawe Tavia kutoka kwa bibi yake, hataki kumrudisha.

Asubuhi nilimsindikiza Bi Earline mahakama ya familia kuomba shauri la malezi lisikilizwe kwa dharura. Nikammwagia karani yote: binamu yangu kasema hivi, wa dukani kasema vile.

Karani akaningoja nipumue. "Mama, wewe uliona?"

"Sikuona, lakini mtaa mzima unajua!"

"Mtaa hauapi, mama. Nileteeni mtu mmoja aliyeona kwa macho yake. Akiapa, jaji atawasikiliza leo leo."

Aliyeona ni Alcide. Aliropoka mwenyewe kwa kinyozi, kisha akajuta: alimkuta Monique amelala kwenye usukani, gari linanguruma katikati ya njia, Tavia kiti cha nyuma akimtikisa mama yake. Alipogonga kioo, Monique akazinduka, akaondoa gari.

"Sema unaogopa," Bi Earline akamwambia pale uzioni. "Usijifiche nyuma ya ngazi."

Alcide akaigeukia, imeegemea ukuta. Kwenye kile kiti cha mbao jina la Monique lilikuwa limefifia, la Tavia limepakwa rangi juu yake. Nami nikamwona Monique wa siku zile, misuko imejaa vibanio, kakaa juu ya vichwa vyetu akiwapigia kelele waliopanda magari ya gwaride wamrushie shanga. Alcide alikuwa anashika miguu ya ngazi isiyumbe, mume wa Earline anakaanga kuku wa kumlisha yeyote apitaye. Enzi hizo nyumba ulimokutwa na mchana ndimo ulimokula, na hakuna aliyekuuliza u mtoto wa nani. Jamani, mtaa ulikuwa mtaa.

"Nimemshikia ngazi hii tangu hajaota meno," Alcide akasema, sauti imeshuka. "Leo nikaape dhidi yake?"

"Utaapa ulichoona, basi. Simtakii jela mwanangu. Nataka Tavia alale kwangu mpaka mama yake apone."

Alcide akaingia ndani, mlango ukafungwa. Tukajua imekwisha hiyo. Mara akatoka kavaa kofia yake ya kanisani.

"Tunakwenda au tunapiga soga?"

Mbele ya jaji alisema kidogo tu, kofia kaibana kifuani. Jaji akamuuliza kama ana ugomvi na familia ile. "Tuna ugomvi wa ngazi, mheshimiwa. Mtoto hahusiki." Amri ikatoka: Tavia akae kwa bibi yake kwa muda, mama yake aruhusiwe kumwona, bibi akiwapo. Askari akafuatana nasi kumchukua.

Jioni Tavia alikuwa juu ya kile kiti, uani kwa bibi yake, anatupa amri, Alcide kashika ngazi. Ndipo Monique akatokea getini, macho mekundu. Barazani hakuna aliyejipepea tena, hata mimi.

"Mzee Alcide," akasema. "Hata wewe?"

"Niliulizwa nilichoona, binti yangu." Hakuiachia ngazi. "Na wewe ningekushikia bado, kama ungetulia ukakaa."

Monique akabaki pale, mkono kwenye komeo, haingii wala haondoki. Harufu ya maharage mekundu, chakula chetu cha kila Jumatatu, ilikuwa imeshafika barabarani. Bi Earline akatoka mlangoni na mwiko mkononi, akamtazama bintiye kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Umekonda. Kanawe mikono, sahani yako iko mezani."