Shauri la Mpaka Kinywani Mwangu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye baraza la ardhi, na kiwanja chenye mgogoro kiko ndani ya kinywa changu.

Msinicheke. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na kila asubuhi nawafundisha watoto kupiga mswaki. Nilikuwa nawaimbisha, mara viti vya darasani vikawa meno, zulia likawa ulimi, nami nimesimama juu yake na viatu vyangu vya kazini. Hakuna aliyeshangaa, basi na mimi nikaendelea kuimba.

Mwenyekiti ni mswaki wangu, nywele zimelala pande zote. Mlalamikaji ni kinofu cha nyama, kile cha pilau la harusi ya Jumamosi. Amevaa koti, kwapani ana godoro.

"Mheshimiwa," anasema Kinofu, "nimekaa kati ya Gego wa mwisho na jirani yake siku tatu. Hakuna aliyekuja kunitoa. Nimejenga, nina watoto. Naomba Gego ahame, nipate uwanja."

Gego mwenyewe alikuwa ameshaanza kufunga mizigo. Moyo ukanilipuka. Mama aling'olewa gego kama hilo akiwa na umri wangu, miaka ishirini na sita, na hadi leo anatafunia upande mmoja. Mahindi ya kuchoma anatutazama tu tukila.

"Gego, usiende!"

"Nitaishije, Mwalimu? Watoto wa Kinofu wanamwaga uchachu mlangoni kwangu usiku na mchana."

"Lakini napiga mswaki asubuhi na jioni!" nikafoka. "Mwenyekiti, si wewe mwenyewe ni shahidi?"

"Ni kweli," akasema mswaki. "Ila mimi napiga doria barabara kuu. Uchochoroni sipiti, mwili hauruhusu. Huko ni kazi ya Uzi. Ijumaa daktari alipokuuliza kama unatumia uzi wa meno, ulimjibu nini?"

"Kila siku," nikasema kwa sauti ndogo.

"Uzi aitwe."

Uzi hakuja. Sauti yake ikasikika kutoka juu: "Samahani, siwezi kuondoka kazini. Nimeshika neti."

Baraza zima likanigeukia. Jamani, aibu! Uzi ule nilinunua mwezi wa kwanza, nikaona ni imara, nikafungia neti ya mbu kwenye msumari.

"Amewahi kukupitisha menoni?" akauliza mwenyekiti.

"Tangu tujuane, hajawahi. Ila neti haijaanguka hata mara moja."

"Basi Gego ahame," akasema mwenyekiti, akainua nyundo. "Labda mwenye kinywa aseme ukweli, na Uzi apite mpakani kabla sijagonga meza."

Machozi yananitoka. "Nilimdanganya daktari," nasema. "Nilimdanganya huku natabasamu, na meno yote nje. Uzi, nisamehe. Shuka, baba, niokolee jino langu."

Uzi anauliza: "Na mbu?"

"Mbu waache waniume. Wao hawanipunguzii meno."

Uzi anashuka. Namzungusha vidoleni, namwingiza taratibu, namkwaruza Gego ubavuni, juu na chini. Ufizi unatoa damu kidogo na kusonya. "Leo ndiyo unanikumbuka? Haya endelea, nitazoea."

Kinofu anatoka na godoro lake, watoto nyuma, akiapa kukata rufaa. Gego anafungua mizigo, anakaa chini, anavua viatu. Nikashusha pumzi ndefu mpaka baraza zima likayumba.

Nilipoamka kumeshakucha. Ulimi ukakimbilia nyuma: gego lipo! Halitikisiki. Asante Mungu. Nilitaka kucheka, ila kuna kitu kilikuwa kimenifunika uso.

"Tupokigwe!" Ni dada yangu Atupele, ninayelala naye kitanda kimoja, ananiita huku akihangaika ndani ya neti iliyotuangukia sote wawili. "Nani kaifungua hii?"

Nikainua mikono niisukume. Uzi ulikuwa umezungushwa kwenye vidole vyangu viwili vya kati, na katikati yake kimening'inia kinofu cha nyama, bado kinanukia pilau.

"Tafuta kamba, dada," nikamwambia. "Huyu amerudi kwenye kazi yake."