Fundi Paa na Stuli ya Jikoni

Nilishaandika vifo thelathini na tisa. Mzamiaji alizama kwenye beseni. Zimamoto aliunguzwa na pasi. Mwindaji simba alikabwa na mfupa wa kuku. Bosi alitaka hivyo: kwenye gemu yetu kila mtu auawe na kitu kinachomdhihaki, mchezaji acheke kabla hajabonyeza kuanza upya. Fundi wa dhihaka hizo nilikuwa mimi, na nasema bila haya, hakuna mtu pale ofisini aliyenikaribia.

Cha arobaini nilikiiba nyumbani. Baba aliezeka mapaa miaka thelathini bila hata mkwaruzo, kisha akaanguka kutoka kwenye stuli akibadilisha balbu ya jikoni. Akavunjika nyonga. Mtaa mzima ulicheka, na mimi nikacheka nao.

Kilibaki kilio cha kuanguka. Wote tuliowajaribu walilia kama mbuzi, basi nikamleta baba mwenyewe. Alipanda ngazi za ofisi kwa mkongojo, akipumzika kila ghorofa. Nikamketisha kwenye chumba cha kurekodia, chenye magodoro ukutani.

"Nifanyeje?"

"Piga yowe tu, baba. Kuna mtu anaanguka."

"Anaanguka kutoka wapi?"

Nikawasha kompyuta. Kwenye skrini mbele yake alisimama mzee juu ya stuli, nyundo kiunoni, balbu mkononi.

Baba aliinama kumtazama. "Nyundo umeiweka kushoto. Umekumbuka."

"Ni mzaha tu, baba."

"Najua mzaha, mwanangu. Nimeusikia mtaani mwaka mzima." Akajifuta uso. "Ila sikupiga yowe siku ile."

Sauti ya bosi ikaingia kutoka chumba cha pili: "Mzee wangu, tupe yowe moja la nguvu, tukapumzike!"

Baba akaisogelea maiki. Akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mama watoto, usije pekupeku. Kuna vioo."

Bosi akachungulia mlangoni.

"Haichekeshi," bosi akasema.

"Ndivyo alivyoanguka," nikamjibu. "Ukitaka yowe, njoo ulipige mwenyewe."

Baba alikuwa bado anatazama skrini. "Huyu akishakufa, inakuwaje?"

"Anaamka papo hapo. Anapanda stuli tena."

"Papo hapo? Na nyonga ile?"

Nilimsindikiza hadi chini, ngazi moja moja, kisha nikarudi mezani. Maneno yake niliyaacha kama yalivyo. Halafu nikabadilisha kitu kimoja: fundi paa akianguka, haamki upesi. Anakaa sakafuni dakika nzima, na hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu, hainuki.

Bosi alijaribu, akabonyeza, akabonyeza tena. "Watu watadhani imekwama."

"Waache wangoje," nikasema. "Sisi tulingoja miezi minne afike mlangoni."

Akaondoa kidole kwenye kitufe. Kwenye skrini mzee alikuwa bado amekaa.